Mwaka Mbuzi wa Krismasi Alipokosa Mchinjaji

Siku ile mbuzi wetu wa Krismasi alibaki amefungwa kwenye mpapai mpaka jua likawa kali, na hapakuwa na mtu mzima nyumbani aliyejua afanye nini. Imenijia tena, mwanangu, tangu ulipokuja juzi ukanilalamikia kwamba wanao wamekua na hawataki tena habari za Krismasi, kwamba mkubwa anajifungia chumbani na wa pili anauliza kama ni lazima. Uliniona nikicheka kidogo, ukanuna. Sikukucheka wewe. Nilimcheka marehemu baba yangu, ambaye siku ile alikuwa na sura hiyohiyo yako, ya mtu anayetafuta ufunguo huku ameushika mkononi.

Kaa nikuhadithie, na usinikatize, maana siku hizi nikikatizwa sirudi nilipokuwa.

Tulikuwa tunakaa Tibirinzi, Chake Chake. Baba alikuwa dresa, kazi yake kuosha na kufunga vidonda vya watu hospitali, na mtaa mzima ulimwita Bwana Dresa, hata wasiojua jina lake. Yeye na mama walitoka bara, upande wa Muheza, kazi ndiyo iliyowaleta Pemba, na sisi watoto tulizaliwa hukohuko: kaka yangu Danieli, kisha mimi, kisha Tito mdogo. Wakristo pale mtaani tulikuwa nyumba moja tu. Usidhani tulionewa. Idd ikifika sahani zilimiminika kwetu, zimefunikwa kawa za ukindu, mpaka mama anakosa pa kuziweka. Krismasi ikifika ilikuwa zamu yetu kupeleka. Na ili majirani wale bila wasiwasi, mbuzi wetu alichinjwa na Mzee Shaame, mwenye mikarafuu, ambaye nyumba yake na yetu ziligusana ukuta. Alikuja kila mwaka na kisu chake, akampa baba mkono, akasema kwa utani, akiugeuza mkono wa Idd wa kwao, "Haya, Bwana Dresa, mkono wa Krismasi!" Kisha humlaza mbuzi akaelekea kibla, Danieli hushika miguu, Mzee husoma Bismillahi, na sikukuu yetu huanza. Nilipokuwa mdogo nilidhani Mzee Shaame ni sehemu ya Krismasi, kama kengele ya kanisa. Nilishangaa siku nilipoambiwa kwamba huko Muheza wanaisherehekea bila yeye.

Tulikuwa na desturi nyingine mbili, na hizi zilikuwa za ndani. Mama alinunua kitambaa kimoja akatushonea sote watatu, mimi gauni na wavulana mashati. Halafu, mchana wa sikukuu kabla ya kula, tulisimama mlangoni kwa urefu wetu tukamwimbia baba wimbo wa kuzaliwa Bwana, naye akasikiliza amefumba macho, kisha akatugawia peremende. Tulipokuwa wadogo hakuna kitu tulichokipenda kama hicho. Nilikuwa nikianza kuimba chinichini tangu karafuu ziko juani, mpaka mama ananiambia nimemchosha.

Sasa fikiria mwaka huo. Danieli alikuwa amefika kumi na sita, mimi kumi na nne. Sauti yake ilikuwa imevunjika, inapanda na kushuka bila kumwomba ruhusa. Mama akaleta kitambaa cha kijani chenye maua meupe, akamshonea shati, na Danieli alipoliona juu ya kitanda akalitazama kama dawa ya minyoo. Alikuwa mchezaji mpira. Wenzake wote pale Gombani walimjua, na mmoja wao, Makame, mtoto wa Bwana Khatib wa nyumba ya mwisho ya kichochoro chetu, alikuwa rafiki yake wa kula na kulala. Ukimtafuta mmoja unamwita mwenzake.

Na miaka ile, mwanangu, siasa zilikuwa zimeingia mpaka jikoni. Sikuzielewa wakati ule na nikikwambia nazielewa sasa nitakuwa nakudanganya. Nilichokiona ni kwamba watu waliozoea kusalimiana waliacha. Wengine walibagua duka la kununua chumvi, wengine walibagua msiba wa kwenda na wa kutokwenda. Neno "watu wa bara", ambalo mimi nililijua kama jina tu la mahali mama alipotoka, likaanza kusemwa kwa sauti nyingine. Siku moja baba alimwamkia Bwana Khatib barabarani na Bwana Khatib akapita kama hakusikia. Baba huyohuyo ndiye aliyekwenda nyumbani kwake jioni baada ya jioni kumfunga mama yake kidonda cha mguu.  Baba alirudi nyumbani akavua viatu akaviweka sawasawa, zaidi ya ilivyohitajika.

Basi siku ya kuamkia Krismasi, baba akatangaza mbele yetu sote: "Mwaka huu hatupeleki sahani. Tutakula wenyewe, tutaimba wenyewe, tutafunga mlango. Sitaki mtoto wangu arudishwe mlangoni kwa mtu."

Mama akainamia mchele anaouchagua. Danieli akauliza, "Hata kwa Mzee Shaame?"

"Nimesema hatupeleki."

"Basi na mimi siimbi," Danieli akasema. "Na hilo shati sivai."

Ugomvi uliozuka hapo sikuelewa unahusu nini. Baba aliudhani wa shati, akasema kijana ameanza kuona haya dini yake kwa sababu ya marafiki. Mama aliudhani wa wimbo, akasema tumwache, sauti ikitulia ataimba. Mimi nilimtazama baba nikaona ana haki, nikamtazama Danieli nikaona naye ana haki, nikaingia jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mwisho baba akasema neno ambalo sidhani alilipanga: "Asiyesimama na ndugu zake mlangoni kesho, asile chakula cha nyumba hii." Baada ya hapo hakuna aliyejua namna ya kulirudisha, si yeye wala sisi.

Asubuhi tulikwenda kanisani. Danieli alikuja, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa na shati lake la zamani, na tulipotoka nje kusalimiana hatukumwona. Tukarudi nyumbani wanne badala ya watano. Mimi na Tito tumeng'aa kijani kama majani ya mgomba, na mama akigeuka nyuma kila tulipofika kona.

Mzee Shaame alikuwa ameshafika na kisu chake.

"Mkono wa Krismasi, Bwana Dresa!" Akampa baba mkono, akaangaza huku na huku. "Kijana kenda wapi? Mie bega langu hili halinyanyuki. Mbuzi n'tamshika na nani?"

"Ametoka kidogo," baba akasema. "Nitamshika mimi."

Wakamlaza mbuzi. Mzee Shaame akapima shingo kwa kidole, na hapo, kwa mazungumzo tu, akamuuliza mama, "Sahani zangu mwaka huno mbili ama moja? Maana mjukuu wangu kaja kutoka Konde, na yule hula."

Mama akamtazama baba. Baba akatazama mbuzi.

"Mwaka huu, Mzee, hatupeleki," baba akasema. "Mambo yenyewe unayaona yalivyo."

 Mzee Shaame akauondoa mkono wake shingoni mwa mbuzi, akafuta kisu kwenye shuka yake ijapokuwa hakikuwa na kitu, akakirudisha alani.

"Sasa mie n'chinje ale nani?" akauliza. "Nyinyi wenyewe mwala akichinja yeyote. Mie huja hapa kuchinjia wenzangu wale kwenu. Ikiwa hawali, hamna haja na mie."

Mwanangu, baba yangu alikuwa mtu wa akili. Lakini hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Alikuwa amefuta sahani akamwacha mchinjaji, kwa mazoea tu, na hakuona kwamba vilikuwa kitu kimoja. Akabaki amechuchumaa na miguu ya mbuzi mikononi. Mbuzi naye, alivyoona kimya kimezidi, akalia.

"Nikizipeleka, zikirudishwa?" baba akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kweli. "Nimtume Tito akafukuzwe? Nimtume huyu msichana?"

"Tito? Hapana! Kumtuma mtoto mdogo mlango wa mtu alonuna ni kumwonea. Kijana wako mkubwa yupo wa nini?" Mzee Shaame akakaa juu ya kinu kilicholala, akawa hana haraka tena. "Wangu alipobaleghe sikumpa tena peremende za Idd. Nilimpa pishi ya mchele, nikamwambia sadaka hii ya fitri kaipeleke kwa watu fulani na fulani, na umpe kila mtu kwa adabu asione haya. Akafunga kama mie, akasali ubavuni kwangu. Sikukuu ikawa yake. Wenu huyu, mmempa nini?"

Baba akafikiri. "Wimbo," akasema.

"Wimbo!" Mzee Shaame akarudia, na hakucheka, nafikiri kwa heshima. "Na ndevu zile zinamtoka."

Baba akaachia miguu ya mbuzi. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Akaniambia bila kunitazama, "Kamwite kaka yako."

Hujui ilivyokuwa kwa msichana wa kumi na nne kwenda kiwanjani Gombani siku zile. Nilijifunika kanga ya mama juu ya gauni langu la kijani, na bado maua yalichungulia chini. Ilikuwa sikukuu ya serikali, hapana shule hapana kazi, na kiwanja kilijaa. Nikasimama pembeni, miguu ikitaka kurudi yenyewe. Sikujua hata nitamwambia nini: arudi kuimba? arudi kushika mbuzi? baba amemsamehe? Hakuna aliyeniambia lipi kati ya hayo.

Mmoja wao akaniona, akapiga kelele, "Danieli! Yakhe! Sikukuu yenu imekufuata huku!" Wakacheka wote. Makame peke yake hakucheka. Akaudaka mpira akaushika.

Danieli akaja, tope mpaka magotini. "Unataka nini?"

"Mbuzi hajachinjwa."

"Mpaka saa hizi? Kwa nini?"

"Mzee Shaame kakataa. Kasema kama hazitoki sahani, hamna haja naye."

Danieli akacheka kwa ile sauti yake iliyovunjika, kisha akaacha ghafla. "Baba kasemaje?"

"Hakusema. Kauliza zikirudishwa itakuwaje."

"Na nani atazipeleka?"

Nikamwambia sijui, kwa kuwa kweli sikujua, lakini nilikuwa namtazama yeye.  Halafu akaniambia jambo ambalo mimi na baba na mama tulilikosa kwenye ugomvi wote ule: "Niliudhika kwa sahani, si kwa shati. Shati ni baya, lakini ningelivaa. Sikukuu ya kujifungia ndani, mtu aimbe nini?" Akamgeukia Makame, wakatazamana. Tukarudi pamoja, na hakunisubiri njiani, nikawa nakimbia nyuma yake na kanga inanivuka.

Alishika miguu ya mbuzi na tope lake vilevile. Baba hakuuliza habari ya shati. Mzee Shaame akasoma Bismillahi, na mama akaanza kuwasha mafiga yote kwa pamoja huku akifuta macho na kulaumu moshi.

Pilau iliiva mchana umeshageuka. Mama akapakua, akafunika kawa, na Danieli akazipeleka moja baada ya nyingine, mimi nikimfungulia milango ya uani. Nyumba ya kwanza walipokea kwa kelele: "Ah! Tulikuwa twasema, mbona kwa Bwana Dresa kimya leo? Twanusa tu!" Kumbe walikuwa wanangojea. Nyumba nyingine walipokea kwa sauti ndogo, wakitazama kwanza nje kama kuna anayeona, lakini walipokea.

Ya mwisho ilikuwa ya Bwana Khatib. Mama alikuwa hakuipakua. Danieli ndiye aliyesema, "Na ile?" Mama akamtazama baba, na baba akasema polepole, "Kama unaweza kuibeba ikirudi, ibebe." Danieli akasema ataweza.

Bwana Khatib alifungua mwenyewe. Nyuma yake, kwenye kiza cha ukumbi, alisimama Makame na bukta yake ya mpira, amekuja kutoka kiwanjani punde tu.

"Mama anawasalimu," Danieli akasema. "Mkono wa Krismasi."

Bwana Khatib aliitazama ile kawa muda mrefu. Uso wake haukuwa na ukali, na hilo ndilo lililonichanganya zaidi. "Mwambie mama yako Mungu amlipe," akasema. "Lakini rudisha, mwanangu. Rudisha kwenu."

Makame akatazama vidole vya miguu yake. Danieli alikuwa rafiki yake tangu hawajaota meno ya pili, na sasa kasimama mlangoni kwake na chakula kisichotakiwa, na Makame hawezi kusema neno mbele ya baba yake. Nilitaka Danieli amwage sahani ile pale kizingitini. Nakwambia kweli. Yeye akasema, "Haya, Bwana Khatib. Inshallah mwakani." Akageuka.

Alitembea wima mpaka tulipopinda. Tulipopinda, akasimama akaegemea ukuta mpaka kawa ikateleza. Nikanyoosha mikono nimpokee, akanikatalia kwa kichwa.

Baba alikuwa amekaa barazani. Aliiona sahani kabla hatujafika, akasimama. Nikajua sasa atasema, "Si niliwaambia?" Na alikuwa na haki ya kusema, maana aliliona tangu mwanzo. Danieli akaiweka chini mbele yake, akangoja.

"Ulimjibu nini?" baba akauliza.

"Nilimwambia inshallah mwakani."

Baba akalirudia neno hilo kimoyomoyo, nikaona midomo inacheza. Kisha akamwomba mama maji ya kunawa. Baba yangu, mwanangu, alikuwa akila mezani peke yake, kwa kijiko, ndivyo alivyojizoeza tangu aanze kazi hospitali. Siku ile alinawa mikono, akatandika mkeka mwenyewe, akakaa chini, akaifunua ile sahani. "Kaa," akamwambia Danieli. Wakala kutoka sahani moja, kwa mkono, Danieli na tope lake na baba na suti yake ya kanisani.  Tito akaja mbio na shati lake la maua akataka kutia mkono, baba akamzuia kwa upole.

"Ngoja yako," akamwambia. "Hii ya wakubwa."

Mama akaingia ndani haraka. Safari hii hakukuwa na moshi wa kulaumu.

Mimi nilisimama pale nisijue nifurahi au nilie, na kusema kweli mpaka leo sijaamua. Tulikataliwa, na ndiyo Krismasi niliyoipenda kuliko zote. Mwaka uliofuata Danieli alipeleka tena mlango uleule, mke wa Bwana Khatib akapokea bila neno, na hakuna aliyetueleza nini kilibadilika. Sijui pia kama kaka yangu aliibeba ile sahani kwa ajili ya Mungu, au kwa ajili ya Makame, au kwa ukaidi tu. Nilimuuliza alipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu, akaniambia naye hajui. Kwa hiyo usije kwangu kutafuta mtu aliyeelewa kila kitu. Nakupa nilichokiona.

Wanao umewawekea nafasi zao za utotoni, mwanangu. Wavae sare, wasimame wapigwe picha, waimbe ule wimbo. Huo wimbo waachie wadogo, na wakubwa wawafundishe. Huyo wa kwanza anayejifungia chumbani mpe kazi ambayo asipoifanya itaonekana, kazi yenye uzito na hata yenye hatari ya kuaibika, kisha umwamini nayo. Akirudi ameshindwa, kaa naye chini ule alichorudi nacho. Na usimfiche unapoogopa. Watoto hujua sikukuu inapopunguzwa, wanajua na sababu, halafu sisi tunadhani wanagombania shati. Usinitazame hivyo. Najua mwaka huu hutaki kumwalika wifi yako mliyenuniana, na wanao wanajua kuliko mimi. Basi mpe mkubwa sahani aipeleke kwa shangazi yake. Ikirudi, imerudi.

Sina zaidi. Mungu akupe nyumba isiyofungwa mlango siku ya furaha yake. Akulindie wanao wakiwa nje, akurudishie wakiwa na njaa, na akupe macho ya kuwaona wamekua kabla hawajachoka kukungoja. Na mwaka huu, inshallah, nitakuja mwenyewe kula kwako. Nipakulie mapema, macho yangu hayataki kiza.